Marashi ya Mwanabaraka

Waridi huchumwa kabla jua halijaliona. Likishaliona, harufu imekwenda zake. Kwa hiyo Mwanabaraka, mpishi wa marashi wa Bagamoyo, hakupenda mjakazi wake Mina achume na mtoto mgongoni. Mtoto akilia, Mina huketi kumnyonyesha, na jua halimngoji mtu. Basi wifi yake Ashatu alipokuja kutoka Mbegani, akalalamika kuwa Mungu hajamjalia mtoto, Mwanabaraka akampa yule wa Mina, kama mgeni anavyopewa kuku wa kwenda naye. Mina hakuulizwa. Mjakazi haulizwi.

Kesho yake Mina alichuma mapema kweli. Kifua kilimuuma, na alipozidiwa alikamulia shinani mwa mawaridi. Maua yakatiwa kwenye sufuria ya shaba pamoja na maji, bakuli likawekwa katikati, kifuniko kikapinduliwa na kujazwa maji ya baridi. Mvuke ukapanda, ukapoa, ukadondoka bakulini: marashi ya kutuliza kichwa, kuosha macho mekundu na kunyunyizia watu.

Ijumaa kulikuwa na maulidi. Mwanabaraka akapita na mrashi kwa wanawake. Ashura, mmoja wa wanawake wa mtaa, aliponyunyiziwa, maziwa yakamtoka kifuani. Kisha jirani yake. Kisha bibi kizee Mwanaasha, aliyekwisha kusahau kuwa alipata kunyonyesha. Wakajifuta kwa leso, kasida ikaendelea.

"Marashi yako leo makali," alisema Ashura. "Na mwanangu alikuwa hashibi. Niwekee chupa."

Mwanabaraka, ambaye hakupata kuzaa, aliloa maziwa mpaka kiunoni. Alinusa. Ilikuwa harufu ya utosi wa mtoto, na alijua utosi wa nani. Aliona haya hata kope zikamwelemea. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini hii mtaa mzima uliijua, na mtaa mzima ulitaka chupa.

Watoto wa mtaa wakanenepa.

Mwezi haujaandama, akaja Pazi, mchukuzi wa Mbegani, na salamu za Ashatu. Mtoto amekataa uji, amekataa na maziwa ya mbuzi. Anakonda. Ashatu anaomba yale marashi yanayosifiwa.

Mina akapiga magoti. "Shikamoo, bibi. Naomba niende mimi. Maziwa ninayo."

Mwanabaraka alitaka kusema nenda. Neno lilimfika ulimini. Akakumbuka chupa zilizoagizwa.

"Na maua ya kesho atachuma nani?" alisema, akiutazama mkeka.

Akatoa chupa. Mina akaifunga kwa kipande cha kaniki yake, isivunjike njiani, akampa Pazi.

Siku zilipopita, Pazi akarudi na habari. Ashatu alijinyunyizia, kifua kikajaa, mtoto akanyonya mpaka akalala. Sasa ananawiri. Mwanabaraka alimweleza Mina hayo akiwa amempa kisogo, maana hakuwa na uso wa kumtazama.

"Alhamdulillahi," alisema Mina, akachukua kikapu chake. Mlangoni akasimama.

"Hupenda kuanza ziwa la kushoto, bibi. Wamwambie."