Moto wa Kuhamia

Siku ambayo Opiyo hakuja kazini ilikuwa Jumatatu, na Kabiru alikuwa amekwisha kuchanganya rangi ya watu wawili. Alipanga mikebe juu ya ubao, akakaza kamba za jukwaa, akaketi kumngoja. Alipochoka kukaa akasimama. Alipochoka kusimama akatoka mpaka barabarani, akatazama upande wa Shauri Moyo, ambako mwenzake alitokea kila asubuhi juu ya baiskeli, akipiga kengele hata pasipokuwa na mtu wa kumpisha. Rangi ikaanza kufanya utando. Hatimaye bawabu wa ukumbi waliokuwa wakiuchora akamwita kwa mkono: kuna mtu amekuja na habari. Lori la mchanga lilikuwa limemgonga Opiyo penye kona, na hakufika hospitali akiwa hai.

Walikuwa wakiandika mabango pamoja tangu ujana wao. Kabiru alikuwa na mkono wa herufi. Opiyo alikuwa na mkono wa sura. Kinyozi akitaka kichwa kilichonyolewa vizuri, mwenye bucha akitaka ng'ombe anayecheka, hiyo ilikuwa kazi ya Opiyo. Toka Shauri Moyo mpaka Mowlem, mitaa ya Nairobi, ungeweza kuwatambua ng'ombe wake, maana wote walitazama pembeni kama wanaojua siri ya mwenye duka.

Kazi hii ya Makadara ilikuwa kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Ulikuwa ukumbi wa jumuiya ya Wahindu, na kamati yao ilitaka ukuta mrefu wa ndani uchorwe historia ya kale ya India. Aliyewachukua ni Mwalimu Trivedi, mzee mstaafu aliyefundisha historia maisha yake yote. Alimketisha Opiyo kwa chai akamsimulia mwanzo wa mambo: jinsi wazee wake walivyoshuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao, farasi wao na magari ya kukokotwa, wakavuka milima, wakaikuta mito mikubwa na mji uliojengwa kwa matofali.

Opiyo alitoka pale akicheka peke yake.

“Kumbe hawa ni jamaa zangu!” alimwambia Kabiru. “Sisi watu wa ziwani nasi tuliteremka na mto kutoka Sudan, na hatuoni haya kusema.”

“Nyinyi mlipotea njia tu mkaangukia ziwani,” Kabiru akamjibu. “Sisi Wakikuyu Mungu alituweka pale pale chini ya mlima. Hatukuja.”

“Mtu ambaye hakutoka mahali ni uyoga, bwana!”

“Afadhali uyoga kuliko mgeni.”

Walitaniana hivyo kila siku, mikono ikiendelea na kazi.

Kabiru alikwenda Siaya, kwao Opiyo, kumzika, na huko akajua jambo ambalo Opiyo alikuwa akilifunika kwa mizaha. Opiyo hakuwa na boma lake mwenyewe, dala kama wanavyoliita wao. Kila mwaka alisema, “Agosti hii namhamisha mama watoto,” na kila Agosti kazi ilimshika. Sasa ndugu zake walikuwa wamemjengea kibanda cha udongo kwa haraka katika boma la baba yake, maana mtu mzima mwenye mke hazikwi kama mpita njia. Norah, mkewe, aliketi mlangoni pa kibanda hicho ambacho udongo wake ulikuwa haujakauka. Ndugu za marehemu walipita mbele yake wakinong'onezana ni nani atakayemrithi.

“Mimi narudi Nairobi,” Norah aliwaambia. Hakupandisha sauti, na hakusema zaidi.

Kabiru alirudi na mwili usiotulia. Akiwa nyumbani alitaka kazini. Akiwa kazini alitaka kwenda popote. Alipanda jukwaa akashuka, akaosha brashi zilizokuwa safi. Mbele yake mji wa matofali ulikuwa tayari, na mto, na fahali mwenye nundu. Upande wa kushoto walikuwa wale wanaofika. Gari la farasi wawili lilitangulia. Nyuma yake mwanamume alitembea na jogoo kwapani, mtoto wa kiume na shoka begani, na mwanamke aliyebeba moto juu ya kigae. Miguu ya mwanamke tu ndiyo ilikuwa haijatiwa rangi. Mwalimu Trivedi aliupenda sana ule moto. “Sawa kabisa,” alikuwa amesema, “wazee wetu waliuheshimu moto.” Habari ya jogoo hakuuliza, na Kabiru mwenyewe alidhani ni mzaha wa Opiyo.

Wiki hiyo jumuiya ikapata mwenyekiti mpya, Bwana Jethalal, muuza misumari na mabati. Alikuja na kamati nzima kuuona ukuta. Akasimama mbele ya wale wanaofika, mikono nyuma.

“Hawa ni akina nani?”

“Wazee wetu wanafika,” Trivedi akajibu.

“Kutoka wapi?”

“Kaskazini. Jethalal, haya ulisoma shuleni.”

“Nilisoma kitabu cha Mzungu. Mzungu alipoingia India alikuta watu wana mashairi na hesabu tangu babu yake akiwa porini. Ikamuuma. Akasema, aa, hata hawa walikuja, kama mimi nilivyokuja. Ukishasema hivyo, nani atakuambia utoke?”

“Na farasi je? Ule mji wa matofali umechimbwa. Wamepata ng'ombe, wamepata ndovu, wamepata mpaka mitaro ya maji machafu. Farasi ni taabu kumwona; basi alikuja na nani? Na lugha yetu ina ndugu zake Uajemi, mpaka Ulaya. Hayo yote yalitembeaje?”

“Labda yalitoka kwetu kwenda kwao! Kwa nini kila siku sisi ndio wa kuletwa?” Kisha Jethalal akateremsha sauti. “Mwalimu, kaka yangu alifukuzwa Kampala, akatoka na sanduku moja. Ukumbi huu tunaukodisha, watu wa kila kabila wanafanya harusi hapa. Wakiona ukutani kwamba hata India tulikuwa wageni, watasema nini? Watasema hawa kazi yao ni kuhama. Basi wahame tena.”

“Kwa hiyo tuchore historia kwa kuwaogopa majirani?”

“Na wewe unaichora kumpendeza nani?”

Kamati ikapiga kura papo hapo. Upande wa kushoto ufutwe, ubaki mji, mto na fahali. Mwalimu Trivedi aliinua mkono wa kukataa peke yake, na ukabaki juu hata baada ya wenzake kuanza kutafuta viatu vyao.

Kilichomsumbua Kabiru ni kwamba alikubaliana na Jethalal. Alikuwa amekua akisikia namna walowezi walivyodai kwamba waliikuta nchi ya baba yake tupu, na kwamba Wakikuyu nao walikuwa wamefika juzi juzi tu. Alijua hadithi ya namna hiyo hufanya kazi gani. Kama angekuwa na mkono katika kamati ile, angeuinua pamoja na wengi. Hata hivyo, kila aliposhika brashi ya chokaa aliiweka chini tena.

Jumamosi akaenda Shauri Moyo kumwambia Norah aje aione kazi ya mumewe kabla haijaondoka. Norah alikuja na kitambaa cheusi kichwani. Alipita mbele ya mji na mto bila kusimama. Alipofika kushoto akasimama, na mkono wake ukaenda mdomoni.

“Shemeji, unajua hii ni nini?”

“Wahindi wanafika India.”

“Wahindi gani! Hii ni siku ya kuhamia dala. Mwanamume anakwenda na jogoo, mtoto wa kwanza anabeba shoka, mke anabeba moto. Hivyo ndivyo boma jipya linavyoanzishwa kwetu.” Akasogea mpaka uso wake ukakaribia uso wa ukutani. Hapo Kabiru akaona alichopaswa kukiona zamani: ilikuwa ni sura moja. “Baba watoto hakujua njia nyingine ya mtu kufika mahali.”

Norah akakigusa kigae cha moto kwa ncha ya kidole. “Basi alinihamisha. Mbele za Wahindi, bila hata kuniambia.”

“Wameamua upande huu ufutwe, shemeji.”

“Nani anafuta?”

“Mimi. Nikikataa wataleta mwingine, na huyo ataparua kwa chuma.”

“Na wewe unasemaje?”

Kabiru akakwaruza kucha zake zenye rangi. “Mimi naona mwenyekiti hajakosea sana. Ile habari ya kuja…”

“Sikukuuliza habari za Wahindi,” Norah akasema, akatoka.

Kabiru alianza na farasi, kwa kuwa farasi hawakuwa watu. Gari likafuata. Kwa mwanamume alichelewa. Alitoka kwenda kununua sigara, akarudi, akatoka tena kununua kiberiti ambacho tayari alikuwa nacho mfukoni. Mwisho alimfuta kwa mkono wa haraka, pamoja na jogoo wake, kisha mtoto na shoka lake. Akabaki mwanamke mwenye moto, amesimama peke yake kwenye chokaa mbichi. Kabiru akachovya brashi, akainua, na mkono ukakataa kwenda. Akateremka, akachukua rangi ya matofali. Akamchorea mwanamke yule mlango, tofali juu ya tofali, mpaka akawa amesimama kizingitini katika nyumba ya mwisho ya ule mji.

Jethalal alimkuta akimalizia.

“Na huyu? Tulisema wote.”

“Mlisema wanaofika, mwenyekiti. Huyu hafiki. Gari halipo, farasi hawapo. Ni mama wa mji huu, alikwenda kwa jirani kuomba moto.”

Jethalal akasogea karibu, akavua miwani. “Kwa nini anafanana na watu wa Kisumu?”

“Mwenzangu alichora uso aliokuwa anaujua.”

“Yule aliyegongwa?”

“Ndiye.”

“Ni mkewe?”

“Ni mkewe.”

Jethalal akaifuta miwani kwa pindo la shati, akaifuta tena ilhali ilikuwa imekwisha kutakata. Nje lori la mbao lilikuwa likimpigia honi.

“Mmalize vizuri,” akasema. “Lakini miguu isimame. Sitaki atembee.”

Kwa hiyo Kabiru akachora miguu, yeye ambaye hakuwahi kuchora hata kidole. Ikatoka minene, imenyooka kama herufi za bango. Mwalimu Trivedi alipita jioni, akaitazama kwa muda.

“Angalau umeniachia moto,” akasema.

“Si wako huo, Mwalimu,” Kabiru akamwambia, kwa upole.

Norah alikuja Jumamosi iliyofuata. Alitazama chokaa nyeupe pale walipokuwa wale wengine, kisha akamtazama mwanamke mlangoni.

“Sasa yuko peke yake.”

“Ndiyo, shemeji.”

“Na nyumba hii, nani kamjengea?”

Kabiru aliona mtego akiwa amekwisha kuukanyaga, maana alikwishasikia kule Siaya kwamba anayemjengea mjane nyumba ndiye anayemrithi. “Mimi… mimi nimechora tu.”

Norah akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akacheka, kicheko kifupi cha puani. “Basi usimwambie mtu wa Siaya.” Akajifunga kitambaa upya, akasema miguu ile ni mibaya, akaenda zake.

Ukumbi unakodishwa kila wikendi. Norah anauza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Shauri Moyo. Ndugu za mumewe bado wanatuma wajumbe, na kila anayekuja hupewa chai, akarudi na jibu lile lile.