Ukurasa Uliomuuliza Mahamudi Kama Anaondoka

Mahamudi hakuwa na mke. Mkewe Kuluthumu alizikwa mwaka uliofuata ule volkano ilipomwaga lava mjini. Hakuwa na nyumba yake ya mtaa wa Majengo, iliyobaki chini ya mawe meusi. Hakuwa na simu, wala mtu wa kumpigia. Hakuwa hata na wa kugombana naye juu ya chumvi ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Lakini jirani alikuwa ameona kwenye intaneti, katika ukurasa wa watu wanaotafuta jamaa zao, jina la Nasiba, binti yake aliyepotea miaka kumi nyuma watu walipokimbia lava. Yuko Kigoma, anamtafuta baba. Chini ya jina palikuwa na nafasi ya kujibu.

Ilikuwa Novemba 2012, na milio ya silaha za waasi ilisikika upande wa Munigi. Mahamudi alivaa koti, akaenda kwenye siberi, duka la intaneti la Fabiola, mtaani kwake Keshero. Alikataa kusaidiwa. Aliandika kama alivyofundishwa katika shule ya usiku: kwanza salamu, kisha afya, mvua, majirani, na mwishoni kifo cha mama. Asubuhi yote ikaisha. Alipoweka jina lake, aliona kazi imekamilika, akabonyeza alama ya kufunga.

Maneno yakajitokeza: “Una hakika unataka kuondoka? Uliyoandika hayajahifadhiwa.”

Aliipenda adabu ile. Mwenyeji mwema humzuia mgeni kidogo, na mgeni mwema husisitiza kwamba anakwenda. Kuhusu kuhifadhi, hiyo ni kazi ya anayepokea barua. Akabonyeza ndiyo.

“Papa Mahamudi, umetuma?” aliuliza Fabiola.

“Nimemaliza. Imeniuliza kama naenda, nikasema ndiyo.”

Evariste, dereva aliyekaa kwenye kompyuta ya pili, akacheka. “Muzee ameaga ordinateri!”

“Nyamaza, Evariste. Papa, ile haikuwa inakuaga. Ilikuwa inakuonya. Yote imepotea.”

“Yote? Hata mama yake?”

Evariste aliacha kucheka.

“Basi nianze tena.”

Bomu likalia, karibu zaidi. Fabiola tayari alikuwa anavuta milango. “Nafunga, papa. Sijui nitafungua siku gani.” Akamwandikia kwenye karatasi anwani iliyokuwa chini ya jina la Nasiba, sanduku la posta la msikiti mmoja wa Kigoma, kisha akazima jenereta.

Chumbani kwake Mahamudi alichukua karatasi nyingine. Alianza salamu, akazikata. Aliandika: “Nasiba, baba yako ni mzima, niko Keshero. Mama yako hayupo tena. Kama barabara zimefungwa, usije. Andika tu.”

Akaitia kwenye bahasha yenye anwani ile, akaipaka uji wa muhogo, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Bandarini watu walisukumana kupanda boti la Bukavu. Alimpata Djibril, mfanyabiashara wa Uvira, ambako meli huvuka kwenda Kigoma, juu ya magunia yake, akamnyooshea bahasha.

“Ya nani, muzee?”

“Ya mutoto wangu.”

Djibril akaitia ndani ya shati, na boti likaondoka.