Mkono wa Mkufunzi

Kwenye mafunzo ya kompyuta ya walimu, kila mmoja alipokwama kutengeneza jaribio la mtandaoni, mkufunzi alimpokonya kipanya: "Lete nikufanyie, mama."

Bi Hesabu, kama alivyoitwa shuleni kwa miaka thelathini, alipokonywa mara tatu. Mara ya nne uzalendo ukamshinda.

"Toa mkono! Niache nikosee mwenyewe."

Akakosea, akafuta, akaanza upya, jasho likimtiririka. Hatimaye swali lake likaingia kwenye simu za ukumbi mzima: "Ukimpokonya mwanafunzi kalamu, umemfundisha nini? Kuandika, au kunyamaza?"

Kwenye skrini ya ukutani kura zikapanda: kunyamaza ishirini na sita; kuandika sifuri.

Mkufunzi akakodoa macho, simu mkononi.

"Umebaki wewe tu, mwanangu," Bi Hesabu akasema. "Bonyeza. Mimi sikufanyii."