Kipande cha Watiri Kilichobaki

Mwezi wa tatu walimzika Watiri shambani kwao Endarasha, kando ya viazi, lakini Ngatia alijua hawakumzika wote. Kipande cha titi lake, chembamba kuliko ganda la kitunguu, kilikuwa kimebaki kwenye maabara ya hospitali moja mjini Nyeri, kimebandikwa juu ya kioo. Leo alikuwa amekuja kumchukua mkewe.

"Baba, kweli unataka kuzika kioo?" binti yake Njoki alimuuliza mlangoni. "Na siku nikipimwa mimi? Si daktari alisema huenda watalinganisha na hicho cha mama?"

"Mtu hazikwi nusu. Na hawa siwaachii kitu. Mashine ya kutibu saratani ilikaa ndani ya sanduku miezi minne, ati inangoja mkubwa aje akate utepe. Utepe ukakatwa Jumanne, mama yako akafa Ijumaa."

Rehana, fundi wa maabara, hakubishana naye. "Nitakupa, mzee. Ni kuweka kidole tu kwenye karatasi. Lakini kwanza muangalie."

Ngatia akainamia hadubini. Mwanzo aliona kope zake tu. Halafu pakafunguka, waridi na zambarau, kama ukungu wa Kieni unapojivuta asubuhi. Ikawa ni kama amesimama mlimani, na chini yake kumetanda maboma na maboma, kila moja na ua wake.

"Hizi ni nyumba za nani?"

"Ni seli. Huo ua unaitwa utando, unachagua kinachoingia na kinachotoka. Hilo doa la zambarau katikati ni kiini. Maagizo yote yanakaa hapo."

"Mkubwa wao."

"Haya, tuseme hivyo."

"Na hawa mbona wamenona hivi? Wamekula boma lote."

"Hapo ndipo pana ugonjwa. Maagizo yaliharibika."

Ngatia alicheka cheko kavu. "Nilijua! Hata ndani ya Watiri ni wakubwa walioharibu."

"Utawapeleka kortini, mzee?"

"Wangekuwa na korti huko, ningekuwa nishafika."

Rehana alisogeza kioo taratibu. "Hizi za pembeni ni nzima. Ndani yake kuna mitokondria, ndogo sana, lenzi yangu haiwezi kukuonyesha. Ndizo zinageuza chakula kuwa nguvu. Chukulia ni meko. Boma moja linaweza kuwa na mamia. Na hayo meko mtu hupewa na mama yake. Baba haachi hata moja."

"Hata moja?" Njoki aliangua kicheko. "Pole, baba."

Ngatia aliinamia tena hadubini. Aliambiwa hayaonekani, lakini aliyatazama. Alishuka akatembea kati ya nyua, miguu haina uzito. Nyuma ya kila ua mwanamke alikuwa ameinama akipuliza moto, na moshi ukipenya juu polepole. Hakuna aliyegeuka. Alipita boma hadi boma bila kuchoka, na hakukuta jiko lililozimika. Harufu ya maharagwe ya Watiri ilimjaa puani, akataka abaki huko huko.

Njoki akakohoa.

Ngatia alisikia kikohozi kile kana kwamba kimetoka ndani ya boma mojawapo. Moto ule ule, basi, ulikuwa unawaka nyuma yake, ndani ya huyu msichana anayemcheka. Na kiini kimoja cha Njoki kikianza kunona, nani atakigundua, kama cha kulinganisha kimelala chini ya udongo?

Aliinua kichwa. Rehana alikuwa amemsogezea karatasi na wino.

"Hii ni ya kuchukua," Ngatia alisema. "Ya kuacha iko wapi?"

Akaletewa nyingine. Alikandamiza kidole gumba kwa nguvu mpaka wino ukatoka pembeni.

"Sasa Njoki, nenda kwa daktari akuandikie kipimo. Leo."

"Baba, kuna foleni..."

"Wewe nenda. Mimi sitoki hapa mpaka waniambie wamekuangalia."

Akavuta kiti, akakiweka katikati ya mlango wa maabara, akaketi.