Uso wa Kijani

Ukimuuliza mtu wa Kinole, kule milimani, habari, atakujibu nzuri. Awe amefiwa, awe na jipu kwapani, awe ngedere wamemmalizia ndizi shambani, kwanza nzuri, halafu ndiyo msiba. Hakuna anayeuhesabu huo kuwa uongo. Mtu hamwagi matatizo yake mlangoni. Anamkaribisha mgeni kwanza, mgeni akikaa ndipo yanapotoka.

Sabra alikulia humo, akaolewa humo, na humo ndimo yalimomkuta. Msimu wa karafuu uliopita alijifungua mtoto ambaye hakulia. Baada ya hapo akawa mtu wa kulala hata jua likiwa utosini, chakula kinamshinda, maneno yanamshinda. Mumewe, Abeid, alimshusha mjini Morogoro, kwenye kituo kimoja ambako mshauri aitwaye Paskalia aliyaita maradhi hayo kwa jina lake, sonona, akampa vidonge, akamwekea na programu kwenye simu.

"Kila asubuhi itakuuliza unajisikiaje," Paskalia alimwelekeza. "Ukiwa vizuri unabonyeza uso wa kijani. Ukiwa katikati, wa njano. Ukiwa vibaya, mwekundu. Na shemeji ataona kwenye simu yake, hata akiwa mbali."

Mbali kwenyewe kulikuwa Kisaki, ambako Abeid ana mashine ya kusaga nafaka. Alikuwa ameifunga kwa ajili ya mkewe, na wateja walishaanza kuzoea njia nyingine. Aliondoka kwa moyo mzito, akaahidi kwamba siku akiona rangi haipendezi, atafunga mashine arudi.

Kesho yake simu ikalia. Sauti ya mwanamke, laini, yenye adabu za watangazaji wa redio: "Habari ya asubuhi, Sabra. Unajisikiaje leo?"

Sasa mtu aliyelelewa na mama wa Kiluguru, akisalimiwa kwa heshima namna ile na mtu asiyemjua, atajibu nini? Mwekundu? Si ataonekana hana malezi? Sabra akabonyeza kijani, akasubiri. Alidhani yule dada ataendelea: nyumbani je, umelalaje, mwenzio umemsikia? Kwa maswali kama hayo mtu hufika polepole kwenye lake. Lakini uso wa kijani ulicheka, ukampa hongera, simu ikanyamaza.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Waliokitengeneza kitu kile walikuwa na akili nyingi, hilo halina ubishi, ila bila shaka hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusalimiana na mkwe wa milimani.

Siku za mwanzo Abeid alikuwa akipiga kila jioni. "Umekula?" Nimekula. "Umekula nini?" Hapo Sabra alikuwa ananaswa, kwa sababu hakuwa amekula, na alipenda kunaswa. Kisha simu zikaanza kupungua. Kijani kilikuwa kinafika Kisaki kabla ya maswali. "Nimekuona asubuhi, uko kijani," Abeid alikuwa akisema, sauti imejaa furaha, "Mungu mkubwa," halafu wanaongea habari za mkanda wa mashine, halafu kwaheri. Ikawa anapiga Ijumaa tu. Kisha na Ijumaa nayo ikapita hivi hivi.

Abeid akawatumia majirani salamu kwamba mkewe amepona. Bi Mwajuma wa nyumba ya chini, aliyekuwa akileta uji na kukaa mpaka bakuli liishe, akaacha kupanda. Aliyepona haletewi uji. Paskalia naye akatuma pongezi, akasogeza mbele tarehe ya kuonana.

Upweke ukamkalia Sabra sawasawa. Alikaa barazani akichambua pilipili manga, ukungu ukishuka mpaka kwenye migomba, akaona kwamba hakuna mtu duniani anayejua alivyo. Alimchukia mumewe kwa kuamini, kisha akajichukia yeye kwa kumwaminisha. Alitaka arudi, na aliona haya kumwita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nako kuinama ndiko kulikomshinda.

Asubuhi moja aliamka kutoka kwenye ndoto ya mtoto, mikono bado imejikunja kifuani kama imebeba. Sauti ikauliza. Sabra akabonyeza uso mwekundu, akafumba macho.

Simu ikamfundisha kuvuta pumzi. Chai ilikuwa haijachemka bado Abeid alipopiga.

"Sabra, uko salama? Nimeona nyekundu hapa. Kidole kimeteleza?"

Jibu la ndiyo lilikuwa mdomoni tayari, jepesi kabisa. Akalimeza.

"Leo hakikuteleza," alisema. "Kiliteleza siku zile nyingine zote."

Nyuma ya Abeid mashine iliendelea kunguruma.

"Zote?"

"Zote, Abeid."

"Mimi nilikuwa naamka na kijani hicho," alisema Abeid. Haikuwa sauti ya hasira; ingekuwa hasira, Sabra angejua la kujibu. "Huku nina nani? Naamka, naangalia simu, nakuona unacheka, napata nguvu ya kwenda kazini. Kumbe nilikuwa nacheka na nani?"

Hilo Sabra hakuwahi kulifikiria hata kidogo. Alidhani mpweke ni yeye peke yake. Machozi yakamtoka, ya mumewe kwanza, ya kwake baadaye. Wakabaki kusikilizana pumzi, huyu huko, huyu huku, pasiwe na wa kukata, mpaka dakika za Abeid zikaisha na simu ikajikata yenyewe.

Sabra aliitazama. Akajiambia basi, ndiyo amekwenda, na haki yake. Akaipua birika, akairudisha motoni bila kujua kwa nini.

Simu ikaita tena. Namba ngeni.

"Ni mimi," alisema Abeid. "Nimeazima simu ya mteja. Ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa sijasema."

"Basi sema. Mwenyewe anangoja unga wake, lakini mashine nimeizima."