Kumtaja Benjamin

Felicitas hakujua ashukuru au alie. Siku aliyotuma marekebisho yake ya programu, simu ilimletea arifa: "Asante sana kwa mchango wako wa kwanza! Tumefurahi kukupata." Alimkumbatia baba yake, mwalimu mstaafu Projestus, mpaka chai ikamwagika. Hawajamaliza kufuta, ikaingia nyingine kutoka kwa mtumaji huyo huyo: "Ombi lako la marekebisho lina kasoro." Akaiondoa kasoro, akashukuriwa tena. Kisha kimya cha wiki nzima. Na asubuhi hii: "Ombi hili limetelekezwa. Kesho litafungwa."

"Nimelitelekeza saa ngapi, baba? Ananikaribisha, ananikosoa, sasa ananifukuza!"

"Mlevi huyo."

"Siyo mtu. Ni roboti."

"Basi roboti mlevi."

Felicitas hakucheka. Mzee alikuwa amepofuka tangu mwaka juzi, na simu yake ilikuwa na programu ya kumsomea ujumbe, kazi ya watu wanaojitolea, kila mmoja na nchi yake, nayo iko wazi kwa yeyote anayeweza kuitengeneza. Kiswahili ilikisoma vizuri, ila ikifika kwenye tarakimu iligeuka Mzungu, ikazitamka kwa Kiingereza cha mbio kisichoshikika. Mwezi uliopita tarehe ya kliniki ya macho ilimpita hivyo hivyo. Ndipo binti, aliyemaliza chuo na bado anasaka ajira, akaketi akajifunza jinsi programu inavyoandikwa mpaka akapata dawa yake. Toleo jipya lilikuwa linatoka wiki hiyo. Ombi likifungwa, baba angebaki na Mzungu wake.

"Kwani mwenye programu hiyo nani?" baba aliuliza.

"Anaitwa Benjamin, yuko Ulaya. Kwenye picha ana mvi tupu. Nilimwandikia kwa Kiingereza, ila nikaanza na shikamoo mzee, naomba uitazame kazi yangu."

"Hukumtaja jina?"

"Roboti alisema nimtaje, ndipo apate arifa. Lakini baba, mtu mzima na mvi zake, nimwite Benjamin kavu kavu, kama namwita muuza maji?"

Baba aligeuza uso kuifuata sauti yake.

"Feli, tangu macho yaende, watu wanaingia humu, 'shikamoo mzee', nami nanyamaza nikidhani anasalimiwa mwingine. Wakitoka wanasema Projestus ana kiburi. Huyo wako anabishiwa hodi na wangapi?"

"Mamia."

"Nawe ukasema mzee."

Felicitas aliandika jina, akalifuta. Akaliandika tena. Alijiona kama anamvuta padri kanzu katikati ya misa. Mwishowe akalitangulizia alama ya kumwita mtu, "@Benjamin", akaongeza "shikamoo" ili kupunguza makali, akabonyeza, akajifunika uso kwa khanga.

Alasiri, mabasi yakiunguruma kuelekea stendi ya Mbezi Luis, simu ikalia. Alisoma, akakunja uso, akasoma upya.

"Roboti tena?" baba aliuliza.

"Anasema: 'Samahani, sikuwa nimekuona. Kazi nzuri, imeingia kwenye toleo jipya. Ila nimetafuta kote kwenye msimbo wako wa programu sijaiona: hiyo shikamoo ni kasoro ya aina gani?'"

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie aitikie marahaba, kasoro itaisha! Una hakika lakini siyo yule mlevi?"

"Siyo yeye," Felicitas alisema, machozi yakimlenga. "Huyu haelewi, na anauliza. Ni mtu kabisa."