Kitundike Chini Kidogo

Shemeji yangu alipasua wagonjwa miaka mingi ng'ambo, lakini Baraza la Madaktari, lilelile linalolia redioni kwamba madaktari hawatoshi, lilimkataza kushika kisu hapa mpaka afaulu mtihani wao. Hospitali yetu haikuwa na mpasuaji mwingine. Mimi ndiye seremala wa hapo. Chumba cha upasuaji kilikaa kimefungwa hadi bawaba zikashika kutu.

Mtihani hufanyika mji mkuu, mara moja kwa mwaka. Mke wangu, mdogo wake, alikuwa mjamzito.

"Nenda, dada," alimwambia. "Ukirudi na cheti utanizalisha mwenyewe, tena bure."

Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wauguzi waliita gari la wagonjwa, wakaambiwa liko njiani. Huko njiani ndiko liliko mpaka leo.

Shemeji alifaulu. Alirudi akakuta tumeshazika, mama na mtoto.

Jana aliniletea cheti kwenye fremu. Nilikishikilia ukutani, kando ya mlango wa chumba cha upasuaji, nikatafuta nyundo.

"Kitundike chini kidogo, shemeji," alisema. "Mdogo wangu alikuwa mfupi."